Je, tukabidhi maporomoko yetu kwa mamlaka ya hifadhi ya taifa? Shauri kutoka Nyanda za Juu Kusini

Mfuganyuki (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Naandika kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Mbeya, ambacho sitakitaja jina kwa sababu shauri lenyewe bado liko mezani na wahusika wote ni majirani zangu. Tuna maporomoko ya maji. Si makubwa kama Kaporogwe ya kule Rungwe, wala hayamo katika vipeperushi vya utalii, lakini chini yake kuna bwawa la maji yaliyotulia ambamo karibu kila mtu wa hapa alijifunzia kuogelea, na kando yake kuna uwanda wa nyasi na mikuyu ya kivuli ambako siku za sikukuu hufika watu kutoka Uyole na Mbeya mjini kuchoma nyama na kupiga picha za harusi. Ardhi ni ya kijiji, sheria ndogo ya kiingilio ni ya halmashauri, na wanaosimama getini ni vijana wa kikundi chetu. Sasa limeletwa wazo kwamba uendeshaji wote uhamishiwe kwa mamlaka mojawapo ya taifa ya uhifadhi, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kutoa msimamo wake kabla ya mavuno ya mahindi.

Nieleze kwanza hali ilivyo, maana sitaki nionekane natetea kitu kilichokamilika. Geti letu ni gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mapanda mawili. Mkusanyaji wetu ni binti aliyemaliza kidato cha nne, na kitabu chake cha stakabadhi kina kaboni iliyochoka kiasi kwamba nakala ya chini husomeka tu ukiiinamisha kwenye mwanga. Choo kilichojengwa kwa nguvukazi kina matundu mawili, moja halina mlango tangu mwaka juzi, na kinachomsitiri mtu ni kiroba kilichopasuliwa na kutundikwa kama pazia. Ngazi za kushukia bwawani zimechongwa kwenye udongo na kushikiliwa na vipande vya mianzi. Masika iliyopita mgeni mmoja aliteleza kwenye ngazi ya saba, mahali ambapo mwanzi ulikuwa umeoza, akavunjika kifundo cha mguu. Tulimbeba kwa vitenge viwili vya mama lishe hadi barabarani kwa sababu machela hatuna. Katika miaka minne niliyokuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, sikuona hata mfuko mmoja wa saruji ulioletwa pale kutokana na kiingilio tunachokusanya.

Kwa hiyo wanaotaka tukabidhi wana hoja, na hoja yao haipaswi kubezwa. Wanasema kwamba mamlaka ya taifa ina wahandisi, ina askari wa uhifadhi wenye mafunzo, ina bima na ina uwezo wa kulitangaza eneo. Ninachowauliza ni kimoja tu: tunakabidhi nini hasa? Nimegundua kwamba neno hili "kukabidhi" linabeba mambo mawili kwa pamoja, na kila msemaji analitumia kwa maana inayomfaa. Kuna kukabidhi kazi, yaani kufagia, kulinda, kujenga ngazi na kukusanya kiingilio. Na kuna kukabidhi mali, yaani ardhi yenyewe na haki ya kuamua nani aingie. Mimi nakubali la kwanza na nalikataa la pili.

Tofauti hiyo ni ya kisheria. Hifadhi ya taifa, kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Taifa, hutangazwa na Rais kwa ridhaa ya Bunge, na ikishatangazwa, haki zote zilizokuwapo juu ya ardhi ile hukoma. Hakuna kulisha, hakuna kukata nyasi za kuezekea, hakuna kuingia bila kibali. Kuirudisha nyuma hatua hiyo ni lazima urudi juu kulekule ilikotoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, nayo inasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na eneo lisizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Eneo letu halifiki hata hekta sita. Kwa maneno mengine, kalamu tunayo sisi, ila tukishaitumia vibaya hatutapewa nyingine.

Nimesoma kisa kimoja cha Marekani ambacho kimenisaidia kufikiri. Jiji la Detroit, katika jimbo la Michigan, lina kisiwa kinachoitwa Belle Isle, chenye ukubwa wa karibu hekta 400, ambacho jiji lilikinunua mwaka 1879 na kukifanya bustani ya wananchi. Kina nyumba ya kioo ya mimea, chemchemi kubwa ya marumaru na jumba la samaki lililofunguliwa mwaka 1904. Jiji lilipoishiwa fedha, bustani nayo ikachakaa: vyoo vikafungwa, miti mikavu ikaachwa imesimama, na jumba la samaki lilikuwa limeshafungwa tangu 2005 hadi wafadhili wa kujitolea walipolifungua tena mwaka 2012. Julai 2013 jiji liliomba mahakama ilitangaze kuwa limefilisika. Miezi michache baadaye, msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana alitia saini mkataba wa kulikodisha eneo lile kwa serikali ya jimbo kwa miaka 30. Baraza la jiji, ambalo ndilo lililochaguliwa na wananchi, liliukataa mkataba huo na kupendekeza wa miaka 10. Bodi ya jimbo ikaupitisha ule wa miaka 30. Tarehe 10 Februari 2014 kisiwa kikawa bustani ya jimbo.

Yaliyofuata ni ya pande zote mbili. Vyoo vilifunguliwa, miti mibovu ikakatwa, na jiji likaepuka gharama iliyokadiriwa wakati ule kuwa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Upande wa pili, magari yaliyokuwa yakiingia bure yakaanza kudaiwa kibali cha dola 11 kwa mwaka, na wakazi wengi walilalamika kwamba polisi walikuwa wakiwasimamisha ovyo katika mahali walipozoea kuingia kama nyumbani. Lakini yako mambo mawili ambayo nayaona ni ya thamani kwetu. Waendao kwa miguu na kwa baiskeli waliendelea kuingia bure, na kisiwa chenyewe kilibaki mali ya jiji. Walikodisha, hawakuuza. Na walikodisha wakiwa wamebanwa shingo, sisi hatujabanwa kiasi hicho, basi kwa nini tukubali masharti mabaya kuliko yao?

Karibuni kwa michango, hasa nyinyi mnaoishi jirani na hifadhi.


BintiMakete

Shikamoo mzee Mfuganyuki, na wengine wote mliotangulia.

Mimi nimezaliwa upande wa Matamba, chini ya uwanda wa Kitulo, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 413, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika ukanda huu wa Afrika kuanzishwa hasa kwa sababu ya mimea. Wazee wetu waliita uwanda ule Bustani ya Mungu muda mrefu kabla ya kuwekwa geti. Kuna aina 45 za okidi za ardhini, na ukipita kati ya Desemba na Machi huwezi kuelewa mpaka uone, kwa sababu kilima ulichokiacha cha kijani wiki iliyopita unakikuta cha njano, na baada ya wiki mbili ni cha zambarau.

Okidi hizo zilikuwa zinaisha. Viazi vyake vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na kijiji kimoja kimoja kisingeweza kuizuia biashara inayovuka mpaka wa nchi. Pale mkono wa taifa ulihitajika, na nausifu bila kigugumizi. Misitu ya Livingstone iliyomo ndani ya hifadhi ina tumbili wa pekee, kipunji, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi. Mnyama wa namna hiyo ni dhamana ya dunia nzima.

Sasa mzee wangu, niambie: katika bwawa lenu kuna nini ambacho taifa zima linapaswa kukilinda dhidi yenu? Naona swali lingeanzia hapo. Hifadhi ya taifa ni chombo kilichotengenezwa kuzuia watu wasiharibu kitu adimu. Bwawa la watoto kuogelea linahitaji watu. Ukilikabidhi kwa askari aliyefundishwa kuwatoa watu, usimlaumu atakapowatoa.


Dereva wa Hamsini na Saba

Nitasema kwa kifupi kwa sababu nipo safarini. Mimi napeleka wageni Ngosi, Daraja la Mungu, Matema na Kitulo, na jina langu hapa jukwaani limetokana na zile kona za kupandia Matamba kutokea Chimala. Katika miaka yote hiyo sijawahi kupata mgeni aliyeniuliza ardhi ni ya nani. Wote huuliza choo kiko wapi. Mahali penye mamlaka ya taifa huwa najua nitawajibu nini. Mahali penye kamati ya kijiji husimamisha gari kilomita mbili kabla na kuwaomba washuke vichakani. Mheshimiwa Mfuganyuki ameandika kurasa nzima kuhusu Detroit, lakini mlango wa choo chake haujarudi. Mwenye mali asiyetunza mali yake anatetea nini?


Mstaafu wa Misitu

Mdogo wangu Mfuganyuki, pole na majukumu.

Nimefanya kazi ya misitu kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa Iringa na Mufindi, na ninaona mjadala huu umefungwa katika milango miwili wakati nyumba ina milango mitatu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutangaza kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji. Kijiji kinaandaa mpango wa usimamizi, kinatunga sheria ndogo, kinachagua kamati ya maliasili, na mapato yanabaki kijijini. Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kujaribu utaratibu huo, na nimewaona wanakijiji wakimkamata mkata magogo saa nane za usiku kwa ukali ambao mwajiriwa wa mshahara hana. Njia nyingine katika sheria hiyohiyo ni makubaliano ya usimamizi wa pamoja, ambapo msitu ni wa serikali lakini kijiji kina kazi na kina haki zilizoandikwa.

Mnapozungumza juu ya "mamlaka ya taifa", tafadhali tofautisheni vyombo. TANAPA inasimamia hifadhi za taifa. TFS inasimamia misitu ya serikali kuu pamoja na hifadhi za mazingira asilia, na Mlima Rungwe ni mmojawapo, tangu mwaka 2009. Ziwa Ngosi limo ndani ya msitu wa Poroto, nao uko chini ya TFS. TAWA ina mapori ya akiba. Kila chombo kina sheria yake, na kinachokatazwa kwa kimoja huweza kuruhusiwa kwa kingine. Mkutano wenu usipige kura juu ya neno "hifadhi" kabla haujaambiwa ni hifadhi ya aina gani, maana ni sawa na kumwozesha binti kwa mtu aliyetajwa kwa jina la ukoo tu.

Nakubaliana na dereva kuhusu choo. Hilo halina utetezi.


Mtunza Vitabu

Ndugu mwanzisha uzi, mimi nilikuwa katika idara ya fedha ya halmashauri moja ya kusini kabla sijaacha kazi, na ningependa niseme kuhusu fedha, kwa sababu ardhi mtailinda kwa makelele lakini fedha huondoka kimyakimya.

Kiingilio chenu cha leo, hata kama hamkioni kikirudi, kinahesabiwa katika mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato hayo, kwa sheria, hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Chanzo kikihamia kwa mamlaka ya taifa, na sehemu hiyo ya asilimia 10 inahama nacho. Mama lishe aliyetoa vitenge vya kumbebea majeruhi anaweza kuwa ndiye aliyekopa katika kapu hilo. Kwa mapato ya kijiji kimoja kiasi kinachopotea ni kidogo, lakini halmashauri hupoteza vyanzo kimoja kimoja, na hakuna siku inayotangazwa kuwa ndiyo siku ya hasara.

Tumeliona jambo hili kwenye kodi ya majengo. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa maelezo kwamba TRA inakusanya vizuri zaidi. Huenda ni kweli. Lakini aliyezoea kupanga bajeti ya taka na mifereji kwa fedha aliyoishika mwenyewe alijikuta anaandika barua za kuomba mgawo. Mwaka 2020 zamu ikawa ya mamlaka za uhifadhi zenyewe, kwani Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilielekeza makusanyo ya TANAPA na Ngorongoro yaingie katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Zingatieni maana yake: hata mkiandikiana na mhifadhi mkuu mwenye nia njema kabisa, utaratibu wa fedha unaweza kubadilishwa na watu ambao hamkuketi nao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kihasibu na hauna ushairi. Msikubali mgawo wa "faida". Faida ni kitu kinachobaki baada ya mafuta ya gari, posho na semina, na mara nyingi hakibaki. Andikeni mgawo wa mapato ghafi, yaani sehemu ya kila shilingi iliyopita getini kabla ya matumizi yoyote, ilipwe kwenye akaunti ya kijiji kila baada ya miezi mitatu. Na hata hao vijana wenu waachane na kaboni. Malipo yapite kwenye mashine ya POS au kwa kumbukumbu namba, ili siku ya kujadiliana mwe na takwimu za kuweka mezani. Leo hii mkiulizwa eneo linaingiza kiasi gani kwa mwaka, mtajibu nini?


Kihesa Juu

Kamwene wote.

Naandika kutoka Iringa. Mimi ni wa upande wa kukabidhi, ila kwa kuchagua. Wenzetu wa Songwe wana Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lenye uzito unaokadiriwa kufika tani 16 pale Ndolezi. Kimondo kimewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo makao yake yako upande mwingine kabisa wa nchi. Awali nilidhani ni kichekesho. Kisha nikafikiri: kimondo hakina mtu anayekwenda kuoga wala kuchunga ng'ombe juu yake, kinahitaji ulinzi, maelezo sahihi na jengo la wageni, na chombo chenye uzoefu wa kuhifadhi mambo ya kale kina hoja ya kukishika. Hapo umbali si tatizo kubwa.

Lakini hapa mjini tuna jiwe la Gangilonga. Jioni utakuta wanafunzi wa vyuo wamekaa juu yake wakiangalia mji, wachumba wawili pembeni, mzee mmoja na redio yake. Hakuna anayelipa, na hakuna kinachoharibika zaidi ya chupa chache za maji. Ukiniambia tuweke geti na askari pale "kwa ajili ya kuendeleza utalii", nitakuuliza unaendeleza nini. Kuna maeneo ambayo thamani yake ni kwamba hayana mlinzi.

Na mkumbuke viwanja vya michezo. Sokoine kule kwenu na Samora hapa kwetu vyote vinamilikiwa na CCM, kwa sababu wakati wa chama kimoja hakuna aliyeona umuhimu wa kutenganisha cha chama na cha umma. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, ndipo watu wakaanza kuulizana. Silaumu chama, nalaumu karatasi ambayo haikuandikwa.


Dereva wa Hamsini na Saba

Nimefika Makongolosi, nimesoma yote. Mtunza Vitabu amenishawishi kuhusu fedha, na ninaondoa ukali wangu ila siondoi hoja. Mnataka mkataba wenye mgawo, wenye muda, wenye watoto kuingia bure. Sawa. Mamlaka gani itakubali kujenga ngazi za zege na choo cha kisasa mahali ambapo inaweza kuondolewa baada ya miaka mitano? Mwekezaji yeyote, hata wa serikali, huhesabu.


Mfuganyuki (mwanzisha uzi)

Ndaga fijo, wadau. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nazunguka na simu nikiwasomea watu michango yenu, mmoja mmoja, kwenye mabaraza yao.

Dereva, swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na sitalikwepa. Ni kweli muda mfupi unamfukuza anayejenga, na muda mrefu unamfukuza mwenye mali. Detroit walitoa miaka 30 kwa sababu madaraja na majengo ya kisiwa kile yalihitaji mamilioni ya dola. Sisi tunahitaji ngazi zipatazo arobaini, choo chenye milango, uzio mfupi wa ukingoni na mtu mwenye mafunzo ya kuokoa watu majini. Jengo la aina hiyo halihitaji kizazi kizima kurudisha gharama. Tumekubaliana, katika kikundi chetu, kupendekeza miaka 10, pamoja na sharti kwamba mkataba ukivunjwa mapema bila kosa la mamlaka, kijiji kitalipa thamani iliyobaki ya kilichojengwa. Wengine hawakupenda neno "kitalipa". Niliwaambia kwamba mtu asiyekubali kudaiwa asitegemee kuaminiwa.

BintiMakete, mwanangu, swali lako lilinikaa kichwani siku mbili. Katika bwawa hakuna kitu adimu. Juu ya maporomoko, hata hivyo, kuna kipande cha msitu wa asili, chenye mikuyu mikubwa na chemchemi tatu, na huko ndiko matambiko ya mvua yalikofanyika zamani. Wazee wawili bado wanakwenda huko kila mwaka kabla ya kupanda mahindi, ingawa siku hizi wanapita njia ya nyuma. Msitu ukikatwa, bwawa litakauka. Kwa hiyo tumeugawanya mjadala: kile kipande cha juu tutafuata njia ya Mstaafu na kukitangaza kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji, chenye kifungu kinachotaja matambiko kwa jina, uwanda na bwawa vitaendeshwa kwa mkataba na mamlaka yoyote itakayoyakubali masharti yetu, na isipopatikana tutabaki na gogo letu la mkaratusi. Afisa mmoja aliyekuja kututembelea alisema kwamba utaratibu wa namna hiyo ni mgumu kuusimamia. Pengine ni kweli, lakini ugumu huo ni wake, na ndio anaolipwa mshahara kuubeba.

Kifungu cha kuingia bure kimetusumbua zaidi ya kile cha fedha. Mwanzo tuliandika "wakazi wa kijiji", mama mmoja akasimama na kuuliza, binti yake aliyeolewa kijiji cha pili akija na wajukuu siku ya Krismasi, watalipa? Tukaandika "wakazi na jamaa zao", mtendaji akatukumbusha kwamba huku kwetu kila mtu ni jamaa ya mtu. Mwishowe tumeiga jambo la Belle Isle kwa namna yetu: anayekuja kwa miguu halipi, awe nani, atoke wapi, anayekuja na gari au pikipiki analipia chombo chake. Mtu akitaka kushuka kwenye gari lake nusu kilomita kabla ya geti na kutembea ili aokoe shilingi elfu mbili, basi ametembea, na mama lishe wa njiani watamwona.

Choo: tumeacha kungoja mamlaka. Jumamosi iliyopita fundi alipima, na mlango wa mbao za msindano unatengenezwa. Ngazi ya saba imewekwa mwanzi mpya pamoja na jiwe chini yake. Dereva, ukipita wiki ijayo usiwashushe wageni wako vichakani, walete.

Mtunza Vitabu, nina ombi kwako. Kile kifungu cha mapato ghafi umekieleza vizuri hapa, lakini nikikisoma mimi mkutanoni watasema nimelishwa maneno. Naomba ukiandike kwa sentensi mbili au tatu, kwa lugha ambayo binti wa getini ataweza kuisoma mwenyewe mbele ya watu na kujibu maswali, kwa kuwa ndiye tuliyemchagua akisome. Mkutano ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule, mvua ikituruhusu. Nitaleta mrejesho hapahapa.